Wenye Vitalu wa London na Mimea ya Ng'ambo

Kuanzia katikati ya karne ya 16 hadi miaka ya 1770, Uingereza ilipokea mimea ya ng'ambo kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana kabla yake. Tulipu zilitoka katika dola ya Waturuki, viazi mbatata vikatoka Amerika ya Kusini, miti mirefu ikatoka katika misitu ya Virginia, na maua ya vyunguni yakatoka Rasi ya Tumaini Jema. Majina ya mabaharia na wasafiri walioileta yanajulikana. Yasiyojulikana sana ni majina ya waliokuwa wakiingoja: wenye vitalu, watu waliootesha miche na kuiuza ili wapate riziki. Mmea mmoja uliovuka bahari ukafika hai ulikuwa kitu cha ajabu cha kutazamwa, na ukifa, habari yake imekwisha. Ulihesabika kuwa umeingia nchini pale tu mtu alipojua namna ya kuutoa miche kumi, kisha mia, kisha akaipatia wanunuzi. Kazi hiyo ya kuzidisha ndiyo iliyokuwa ya mwenye kitalu.

Wa kwanza kuvutiwa na mimea migeni walikuwa wakubwa wa nchi. Mapema katika miaka ya 1560 William Cecil, waziri wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliagiza kutoka Paris mlimau, mkomamanga na mihadasi. Huko Beddington, kusini mwa London, Sir Francis Carew alipanda michungwa ardhini, na kila majira ya baridi watumishi wake waliijengea banda la mbao na kuwasha majiko ndani yake. Hiyo ilikuwa starehe ya mtu mwenye mashamba na watumishi wengi. Soko la mimea ya namna hiyo lilikuwa bado.

Njia nyingine ilipitia kwa wauza dawa. Katika mtaa wa Lime Street, London, waliishi wakimbizi na wafanyabiashara wa Kiflanders waliokuwa na jamaa na marafiki katika miji ya bara la Ulaya. Barua zao zilisafiri pamoja na vifurushi vya mbegu na vitunguu vya maua. Miongoni mwao alikuwamo James Garret, muuza dawa aliyepanda tulipu za rangi nyingi tangu zilipoanza kuonekana Uingereza katika miaka ya 1570. Alikuwamo pia Matthias de l'Obel, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akifahamiana na wenzake kote Ulaya. Mimea iligawanywa kama zawadi: anayepokea leo alitarajiwa kutoa kesho.

John Gerard alinufaika na mtandao huo. Alikuwa mpasuaji kwa taaluma, akasimamia bustani za Cecil, na akawa na bustani yake mwenyewe Holborn. Mwaka 1596 alichapisha orodha ya mimea yote iliyokuwa humo, zaidi ya aina 1,000. Orodha hiyo inahesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake, yaani orodha kamili iliyochapishwa ya bustani moja. Mwaka uliofuata alitoa kitabu kikubwa cha mimea, na picha yake mwanzoni mwa kitabu inamwonyesha ameshika kitawi cha kiazi mbatata chenye maua. Gerard aliandika kwamba kiazi hicho kilitoka Virginia, hali asili yake ni milima ya Andes. Kosa hilo linaeleza hali ya wakati ule: mmea ulijulikana kwa bandari ulikopitia, na ulikoota hasa palisahauliwa njiani.

Mwaka 1633 Thomas Johnson, muuza dawa wa Snow Hill, alitoa toleo lililosahihishwa la kitabu cha Gerard. Tarehe 10 Aprili mwaka huo alipata mkungu wa ndizi uliotoka visiwa vya Bermuda. Ndizi zilikuwa mbichi. Johnson aliuchora mkungu, akautundika dukani mwake, akangoja. Mwanzoni mwa Mei zilianza kuiva, na zikadumu hadi Juni huku watu wakipita kuzitazama. Baada ya hapo hazikubaki. Mkungu hauzai mgomba. Mgomba hutoka kwa chipukizi la shinani, na chipukizi halikuja pamoja na mkungu. London ilikuwa imeiona ndizi, lakini haikuwa imeupata mgomba.

Biashara yenyewe ya miche ilikuwa na sifa mbaya. Mwaka 1605 Mfalme James wa Kwanza alikipa Chama cha Watunza Bustani cha London hati ya kifalme, na mamlaka yake yakaenea maili sita kuzunguka jiji. Hati ililalamikia ulaghai wa wauzaji waliowapa watu miti mikavu na mbegu zisizoota. Mnunuzi wa kitambaa hukishika na kukivuta kabla ya kulipa, lakini mnunuzi wa mbegu hujua alichonunua baada ya majuma kadhaa, na mnunuzi wa mche wa tunda hungoja miaka. Kwa sababu hiyo mtaji mkubwa wa mwenye kitalu ulikuwa jina lake. Aliyeaminika aliuza ghali na kurithisha wateja kwa wanawe. Aliyelaghai alipotea pamoja na miche yake.

Mtu aliyeunganisha safari na kitalu kuliko wote wa kizazi chake ni John Tradescant mzee, aliyezaliwa karibu na mwaka 1570. Alikuwa mtunza bustani wa Robert Cecil, mwana wa yule William, katika jumba la Hatfield. Mwaka 1611 alitumwa Uholanzi na Ufaransa kununua mimea. Hesabu za safari hiyo zimehifadhiwa: huko Haarlem alinunua vitunguu 800 vya tulipu kwa shilingi 10 kila mia, yaani pauni 4 kwa vyote. Mwaka 1618 alisafiri na ujumbe wa mfalme hadi Archangel, Urusi, akaandika alichokiona ukingoni mwa mto na visiwani. Mwaka 1620 alijiunga na manowari zilizokwenda kupambana na maharamia wa Aljiers, na humo pia macho yake yalikuwa kwenye mimea. Mwaka 1630 Mfalme Charles wa Kwanza alimfanya mtunzaji wa bustani, mizabibu na viwavi vya hariri katika kasri la Oatlands, kwa mshahara wa pauni 100 kwa mwaka.

Nyumbani kwake Lambeth, ng'ambo ya pili ya mto Thames, Tradescant alikuwa na bustani yake na chumba cha vitu vya ajabu kilichoitwa Safina. Watu walilipa kiingilio wakatazama makombe, silaha, nguo na mifupa kutoka pande zote za dunia. Orodha ya bustani iliyochapwa mwaka 1634 ilikuwa na mimea zaidi ya 750. Sehemu ya mimea hiyo ilinunuliwa kwa wenye vitalu wengine. Mwaka 1631, kwa mfano, alipata kwa René Morin, mwenye kitalu wa Paris, pelagonia kutoka kusini mwa Afrika. Ua lake ni la rangi hafifu na mchana halina harufu, usiku hunukia. Jamaa za mmea huo, zilizoletwa baadaye na meli zilizotia nanga Rasi ya Tumaini Jema, ndizo zilizoijaza Ulaya maua ya madirishani.

Mwanawe, aliyeitwa John pia, alikwenda Virginia mwaka 1637, na baba akafariki mwaka uliofuata. Miongoni mwa mimea ya Amerika inayohusishwa na bustani yao umo mti mkubwa wenye maua mfano wa tulipu, mvinje unaopukutisha majani, na ua la buluu la siku moja ambalo jina lake la kisayansi, Tradescantia, linawakumbuka. Tradescant mdogo alikufa mwaka 1662. Mkusanyo wa vitu vya ajabu uligombewa mahakamani, ukaangukia mikononi mwa Elias Ashmole, na kutokana nao jumba la makumbusho la Ashmolean likafunguliwa Oxford mwaka 1683. Vitu vikavu vilipata jumba. Bustani haikupata mwenyewe. Mwaka 1749 mtaalamu William Watson alipoizuru alikuta magofu na miti michache iliyosalia. Mimea ya Lambeth iliyoendelea kuishi Uingereza ni ile iliyokuwa imekwisha kugawanywa na kuzidishwa katika vitalu vya wengine.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kurudi kwa Mfalme Charles wa Pili mwaka 1660, vitalu vya London vilikua upesi. Watu wenye mali walikuwa wakijenga upya majumba yao na walihitaji miti kwa mamia. Leonard Gurle alikuwa na eka 12 kati ya Spitalfields na Whitechapel, kitalu kikubwa kuliko vyote vya London wakati wake. Biashara yake kuu ilikuwa miti ya matunda: mitofaa, mipea, mipichi na mizabibu. Aina moja ya nektarini aliyoiuza iliitwa Elruge, jina linaloonekana kuwa lake mwenyewe likisomwa kinyumenyume. John Rose, mtunza bustani wa mfalme, alipofariki mwaka 1677, Gurle alipewa nafasi yake. Kwa hatua hiyo mfanyabiashara wa miche aliingia katika kazi ya kasri.

Rose alikuwa amemfunza kijana George London, na akampeleka Ufaransa kutazama bustani za huko. Mwaka 1681 London na wenzake watatu, Roger Looker, Moses Cook na John Field, walianzisha kitalu cha Brompton Park, magharibi mwa jiji, mahali ambapo leo yamesimama majumba makubwa ya makumbusho ya South Kensington. Wanne hao walikuwa watunza bustani wa nyumba kubwa, kwa hiyo walianza biashara wakiwa na wateja tayari. Baadaye Henry Wise alijiunga, na jina la London na Wise likawa maarufu kuliko la kitalu chochote kingine. Eneo lilizidi eka 100.

Mwaka 1705 mwandishi John Bowack alieleza kwamba, hata kila mche wa Brompton ungethaminiwa peni moja tu, jumla ingezidi pauni 40,000. Pauni moja ilikuwa peni 240, kwa hiyo hesabu hiyo inaashiria miche inayokaribia milioni 10. Sehemu kubwa ilikuwa miche ya kawaida: ya ua wa kukatwa umbo, ya miti ya vivuli, ya matunda. Hiyo ndiyo iliyolipa mishahara. Mimea adimu ilikaa kwenye vyungu na mapipa ndani ya nyumba ya vioo. Matajiri waliokuwa na michungwa na mihadasi walilipia pia kuihifadhi Brompton wakati wa baridi, na kiangazi ikarudishwa majumbani mwao kwa mikokoteni. George London mwenyewe alizunguka nchi nzima kwa farasi akiwapangia wakubwa bustani zao. Kila ramani aliyochora ilikuwa pia oda ya miche.

London alikuwa amewahi kumtumikia Henry Compton, Askofu wa London, katika kasri la Fulham. Askofu Compton alikuwa na mamlaka juu ya makanisa ya makoloni ya Amerika, na aliwachagua wamisionari wake kwa jicho la mpenda mimea. John Banister, kasisi aliyefika Virginia mwaka 1678, alimpelekea mbegu, michoro na maelezo mpaka alipouawa kwa risasi ya bahati mbaya akiwa safarini msituni mwaka 1692. Magnolia ya kwanza kutoka Amerika ya Kaskazini kupandwa Uingereza ilitokana na kazi yake. Mfalme James wa Pili alipomsimamisha Compton kazi mwaka 1686, askofu alipata nafasi tele ya kushughulikia bustani. Lakini alipofariki mwaka 1713, aliyemfuata hakuwa na mapenzi hayo, na mimea mingi iliondolewa. Wenye vitalu Robert Furber wa Kensington na Christopher Gray wa Fulham walinunua sehemu yake. Habari ya Lambeth isingejirudia Fulham: safari hii walikuwapo wafanyabiashara karibu waliojua thamani ya kilichokuwa kikitupwa.

Adui mkubwa wa kazi hii alikuwa baridi. Katika majira ya baridi ya 1683 na 1684 mto Thames uliganda, na mimea mingi migeni ikafa hata ndani ya nyumba. Mwanzoni nyumba za vioo zilitiwa joto kwa majiko ya makaa yaliyowekwa humohumo. Moshi uliua majani kama baridi yenyewe. Katika Bustani ya Dawa ya Chelsea, iliyoanzishwa na chama cha wauza dawa mwaka 1673, moto ulihamishiwa chini ya sakafu. Mwandishi John Evelyn alipoizuru mwaka 1685 aliusifu mpango huo, na akauona humo mkwinini wa Peru ambao gome lake hutibu homa. Ujuzi zaidi ulitoka Uholanzi, hasa baada ya William na Mary kuja kutawala mwaka 1689, kwa kuwa malkia huyo alikuwa na mkusanyo mkubwa wa mimea ya nchi za joto katika kasri la Hampton Court.

Njia iliyofaa kuliko zote ilitokana na taka za viwanda vya ngozi. Magome ya mwaloni yaliyokwisha kutumika kusindika ngozi yalijazwa kwenye shimo lililojengewa matofali, na vyungu vikazikwa humo hadi shingoni. Samadi ya farasi huwaka kwa nguvu kisha hupoa upesi; magome huchacha polepole na kutoa joto la kadiri kwa miezi. Kwa njia hiyo Henry Telende, mtunza bustani wa Sir Matthew Decker wa Richmond, aliivisha mananasi katika miaka ya 1710. Tunda hilo lilikuwa la thamani kiasi kwamba Decker aliagiza lichorwe picha ya rangi za mafuta, likiwa limesimama peke yake kama mtu mashuhuri.

Joto pekee halikutosha. Mbegu iliyotoka mbali ilifika bila maelezo, na mwenye kitalu alipaswa kuijaribu kwa njia nyingi. Alizigawa mbegu: nyingine kwenye tuta la joto, nyingine kwenye chungu kivulini, nyingine ardhini zipitiwe na baridi, kwa kuwa zipo mbegu za miti ambazo haziamki bila kupitiwa na majira ya baridi moja au mawili. Asiyejua hilo alimwaga udongo mapema na kusema mbegu zilikuwa mbovu. Mmea ukikataa kutoa mbegu, alilaza tawi: alilipinda hadi ardhini, akalitia jeraha dogo chini ya jicho, akalibana kwa kijiti, akalifukia na kulinyeshea. Baada ya mwaka mmoja au miwili jeraha lilikuwa limetoa mizizi, na tawi likakatwa likawa mche. Mingine ilibebeshwa juu ya shina la jamaa yake wa Uingereza aliyezoea udongo na baridi. Mwisho wake alitoa miche michache nje wakati wa baridi na kuitazama. Iliyopona iliuzwa kwa bei nafuu kwa watu wengi. Isiyopona iliendelea kuwa ya wenye nyumba za vioo.

Thomas Fairchild, mwenye kitalu wa Hoxton aliyezaliwa mwaka 1667, alikwenda mbali zaidi. Wakati ule wataalamu walikuwa bado wakijadili kama mimea ina dume na jike. Fairchild alichukua chavua ya ua moja la jamii ya karanesheni akaitia kwenye ua la aina nyingine ya jamii hiyo. Mbegu ilitoa mmea uliofanana na wazazi wote wawili. Hiyo ilikuwa karibu na mwaka 1717, na mwaka 1720 mmea huo ulionyeshwa mbele ya Chama cha Kifalme cha wanasayansi. Kama nyumbu, ulikuwa tasa, na ukaitwa nyumbu wa Fairchild. Ulizidishwa kwa vipandikizi. Fairchild alikuwa mcha Mungu, na alipofariki mwaka 1729 aliacha pauni 25 ili kila mwaka yahubiriwe mahubiri juu ya uumbaji katika kanisa la Shoreditch. Aliandika pia, mwaka 1722, kitabu cha mimea inayovumilia moshi wa makaa ya mawe wa London, kwa ajili ya watu wenye ua mdogo au dirisha tu. Kufikia hapo mteja wa mwenye kitalu hakuwa tena lodi peke yake.

Wateja walivyozidi, majina yalizua ugomvi. Mmea mmoja uliuzwa Kensington kwa jina moja na Hoxton kwa jina jingine, na aliyenunua mara mbili akajiona ameibiwa. Katika miaka ya 1720 wenye vitalu wapatao 20 walianza kukutana kila mwezi katika mkahawa wa Newhall, Chelsea. Kila mmoja alileta mimea yake. Ililinganishwa, ikakubaliwa jina, ikaandikwa kwenye daftari na nyingine kuchorwa. Mwaka 1730 walichapisha sehemu ya kwanza ya orodha yao, ya miti na vichaka, yenye picha za Jacob van Huysum. Sehemu nyingine hazikutoka. Hata hivyo, zaidi ya miaka 20 kabla ya Linnaeus kutoa mfumo wake wa majina mawili mwaka 1753, wafanyabiashara hao walikuwa wameona kwamba soko haliwezi kuendelea bila majina yanayokubaliwa na wote.

Mwaka huohuo wa 1730 Furber alitoa picha 12, moja kwa kila mwezi, zilizochorwa na Pieter Casteels. Kila picha ilikuwa chombo kilichojaa maua ya mwezi huo, kila ua lina namba, na chini yake majina. Kwa jumla zilionyesha aina zaidi ya 400. Watu walizitundika ukutani kama mapambo. Kwa Furber zilikuwa orodha ya bidhaa. Aliyezitazama Januari aliona kwamba hata katika baridi yapo maua ya kununua.

Wakati huo Amerika ya Kaskazini ndiyo iliyokuwa chanzo kikuu, kwa sababu miti yake ilivumilia hali ya hewa ya Uingereza. Mark Catesby alikaa Virginia kuanzia mwaka 1712 hadi 1719, kisha Carolina na nchi za jirani kuanzia 1722 hadi 1726. Aliporudi alifanya kazi na vitalu vya Fairchild na baadaye Gray, huku akichapisha kitabu chake kikubwa cha ndege na mimea. Peter Collinson, mfanyabiashara wa vitambaa wa madhehebu ya Marafiki, aligeuza ukusanyaji kuwa mpango wa kudumu. Kuanzia miaka ya 1730 alimwagiza mbegu John Bartram, mkulima wa karibu na Philadelphia. Kila sanduku lilikuwa na mbegu za aina kama 100 na liliuzwa gini 5, yaani pauni 5 na shilingi 5. Masanduku mengine yalitafunwa na panya, mengine yakalowa maji ya chumvi, mengine yakatekwa na meli za Wafaransa wakati wa vita. Yaliyofika yaligawanywa kwa wakubwa na kwa wenye vitalu.

Mnunuzi mkubwa kuliko wote, Lodi Petre wa Thorndon, alikufa kwa ndui mwaka 1742 akiwa na umri wa miaka 29, na mimea yake ikatawanyika. James Gordon, aliyekuwa mtunza bustani wake, alifungua kitalu Mile End. Collinson alimsifu kuliko wote kwa kuotesha mbegu ndogo kama vumbi zilizowashinda wengine. Thamani ya mimea ilivutia pia wezi: bustani ya Collinson iliibiwa zaidi ya mara moja, na mwaka 1766 Bunge lilipitisha sheria ya kuwaadhibu vikali wezi wa mimea.

Njia za mbegu hizo zilikuwa pia njia za utumwa. James Petiver, muuza dawa wa London aliyefariki mwaka 1718, alipata mimea mikavu na mbegu kutoka kwa manahodha na madaktari wa meli zilizobeba watumwa kutoka pwani ya Afrika Magharibi. Hans Sloane alikusanya mimea Jamaika kati ya 1687 na 1689, na sehemu ya utajiri wake ilitokana na mashamba ya miwa ya mkewe huko. Wenyeji wa Amerika na Waafrika waliofanywa watumwa ndio waliojua mti upi unaota wapi na unafaa nini. Ujuzi wao uliingia katika barua za wakusanyaji, mara nyingi bila majina yao, na katika orodha za vitalu haukutajwa kabisa.

Sloane ndiye aliyeiokoa Bustani ya Chelsea mwaka 1722, alipoipangisha kwa pauni 5 kwa mwaka bila kikomo, kwa sharti kwamba kila mwaka mimea 50 mikavu ipelekwe kwa Chama cha Kifalme hadi itimie 2,000. Msimamizi wake, Philip Miller, alikaa kazini karibu miaka 50. Kamusi yake ya watunza bustani, iliyotoka mwaka 1731 na kufikia toleo la 8 mwaka 1768, iliweka wazi mbinu zilizokuwa siri za vitalu: udongo gani, joto gani, mbegu ilowekwe au la. Katika miaka ya 1750 alipokea kutoka Paris mbegu za ua dogo la rangi ya waridi ambalo asili yake ni Madagaska, akaziotesha na kuwagawia wengine. Leo ua hilo hupandwa katika nchi nyingi za joto, na katika karne ya 20 majani yake yalitoa dawa mbili muhimu za saratani, vinblastini na vinkristini.

Kizazi cha mwisho cha enzi hii kinawakilishwa na James Lee wa kitalu cha Vineyard, Hammersmith, aliyemiliki biashara pamoja na Lewis Kennedy. Lee alikuwa msomi: mwaka 1760 alitoa kitabu kilichowafafanulia Waingereza mfumo wa Linnaeus. Hadithi iliyosimuliwa sana katika biashara hiyo inasema kwamba aliona fuksia dirishani pa nyumba ya mke wa baharia huko Wapping. Alimlipa fedha zote alizokuwa nazo, akaikatakata vipandikizi, akavipanda kwenye tuta la joto, kisha vipandikizi vikatoa vingine. Baadaye aliuza miche kama 300 kwa gini moja kila mmoja. Iwe ilitokea hivyo au iliongezwa chumvi, hadithi hiyo inaonyesha vizuri faida ilikotoka: kasi ya kuzidisha kabla mshindani hajaupata mmea uleule.

Kufikia miaka ya 1770 ukusanyaji ulianza kuingia mikononi mwa serikali na taasisi. Mwaka 1772 bustani ya kifalme ya Kew, kwa ushauri wa Joseph Banks, ilimtuma Francis Masson Rasi ya Tumaini Jema kwa mshahara. Mwaka 1770 John Ellis alikuwa amechapisha maelekezo ya kusafirisha mbegu na miche kutoka nchi za mbali, na katika miaka ya 1830 sanduku la vioo la Nathaniel Ward lilipunguza sana vifo vya mimea baharini. Wenye vitalu hawakutoweka. Waliendelea kupokea, kujaribu baridi, kuzidisha, kupatana majina na kupanga bei, na baadhi yao wakawa wakituma wakusanyaji wao wenyewe. Katika karne mbili hizo mimea mingi iliyoanza ikiwa fahari ya lodi mmoja ilifika hadi kwenye vyungu vya madirisha ya mafundi wa London, na iliyofika huko ilipitia kwanza mikononi mwao.